Mfanyakazi Asiye na Ujira: Tahakiki ya Istilahi za Wanaojifunza Kazini

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa tafsiri ya kanuni za kazi za kiwanda kimoja niikague. Ndani yake ilikuwamo sura iliyoeleza namna ya kupeleka malalamiko endapo mtu atatukanwa, atadhalilishwa au kuguswa kwa namna isiyofaa akiwa kazini. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba sura hiyo inamhusu "kila mfanyakazi". Nililikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake "kila mwajiriwa". Nililiona neno hili la pili kuwa na sura ya kisheria zaidi, nikarudisha kazi nikiwa nimeridhika.

Baadaye nilipata habari kwamba binti mmoja wa chuo, aliyekuwa kiwandani humo kwa mafunzo kwa vitendo, alipeleka malalamiko juu ya msimamizi wake. Alijibiwa kwa kufunuliwa kanuni zile zile. Akaambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, kwani hana mkataba wala mshahara, na kwa hiyo sura ile haimhusu. Akashauriwa arudi chuoni akazungumze na mkufunzi wake.

Sidai kwamba neno moja ndilo lililomnyima binti yule haki yake. Mwenye nia ya kumnyima angetafuta sababu nyingine. Hata hivyo, sababu iliyotumika niliitoa mimi, na niliitoa bila kujua. Ndiyo maana nimeona yafaa kuzichunguza tena istilahi tunazotumia kuwataja watu wanaojifunza kazini, hasa wale wasiolipwa, na kuuliza kama istilahi hizo zinawalinda au zinawaacha nje ya mlango.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Sheria za kazi, ambazo kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida alizisikia kwa kusimuliwa tu, hana budi sasa kuzisoma kwa lugha yake. Atakachosoma ni maneno tutakayochagua sisi. Zamani mfasiri alipokosea, wakili aliweza kurudi kwenye nakala ya Kiingereza. Kadiri nakala ya Kiswahili inavyokuwa ndiyo sheria yenyewe, ndivyo kimbilio hilo linavyopotea.

Mfanyakazi na mwajiriwa

Tuanze na maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja.

Mfanyakazi ni mtu afanyaye kazi. Neno limeundwa kwa kitenzi na shamirisho yake, na halisemi lolote juu ya malipo, mkataba au cheo. Mwajiriwa ni neno la namna nyingine. Limetokana na kitenzi ajiri, ambacho ni ndugu wa ujira na ajira, na mzizi wa maneno yote hayo, tulioupokea kutoka Kiarabu, una maana ya malipo yatolewayo kwa kazi. Kwa hiyo anayesema mwajiriwa amekwisha kutaja mshahara, hata kama hakukusudia. Na anayemwita mtu asiyelipwa kwa jina hilo amesema jambo linalojipinga lenyewe.

Tofauti hii isingekuwa na madhara kama sheria yenyewe ingeweka ujira kuwa sharti la kumtambua mtu anayelindwa. Je, imefanya hivyo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4 kama kilivyotungwa, inamtambua kwanza mtu aliyeingia mkataba wa ajira. Haikuishia hapo. Inamtambua pia mtu aliyeingia mkataba mwingine wowote ambao kwa huo ameahidi kumfanyia mwenzake kazi yeye mwenyewe binafsi, maadamu huyo mwenzake si mteja wa shughuli zake. Aidha, inampa Waziri uwezo wa kuwahesabu watu wengine kuwamo.

Ndugu yake, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka huo huo, inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 61 kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atadhaniwa kuwa ni wa kundi linalolindwa, hata mkataba wao uwe wa sura gani, likiwapo hata jambo moja kati ya saba. Mambo yenyewe ni haya: kwamba namna yake ya kufanya kazi iko chini ya uongozi wa mwingine, kwamba saa zake hupangwa na mwingine, kwamba yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, kwamba amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, kwamba hupewa zana za kazi, au kwamba humfanyia kazi mtu mmoja tu. Asiyekubali dhana hiyo ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kinyume chake.

Msomaji na aitazame tena orodha hiyo. Utegemezi wa kiuchumi umo, lakini ni jambo moja tu kati ya saba, na halilazimiki kuwapo. Hakuna mahali ujira ulipowekwa kuwa sharti. Kijana wa chuo anayeingia ofisini saa moja na nusu asubuhi, akapangiwa kazi na msimamizi, akatumia mashine ya ofisi na kutoka saa tisa na nusu alasiri, anayo mambo manne au matano kati ya hayo. Walioandika sheria waliutengeneza mlango mpana. Sisi tunaoifasiri, kwa kuandika mwajiriwa, tumeufanya kidirisha.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 23 iliyoingizwa pamoja na haki nyingine mwaka 1984, haikusema mwajiriwa inapotaja malipo ya haki. Ilisema "kila mtu anayefanya kazi". Ni Kiswahili chepesi ambacho mkulima na karani wanakielewa sawasawa. Laiti wafasiri wa sheria za kazi tungeanzia hapo.

Majina manne ya mtu mmoja

Sasa tumwangalie mtu mwenyewe. Kwa lugha ya leo anaitwa kwa majina manne, na kila jina linamweka mahali tofauti mbele ya sheria.

La kwanza ni mwanagenzi. Hili ndilo kongwe na, kwa maoni yangu, ndilo lenye heshima kuliko mengine. Linamtaja mtu aliye mpya katika kazi na anayejifunza kwa fundi. Katika desturi za pwani, mwanagenzi wa useremala au wa uhunzi hakutarajia mshahara. Na alipohitimu, yeye ndiye aliyempa fundi wake kilemba. Wako wanaoitumia desturi hii kuhalalisha kazi isiyolipwa ya leo, wakisema kwamba si jambo geni kwetu. Wanasahau nusu ya desturi yenyewe. Fundi alimjua mwanagenzi wake na wazazi wake, alimfundisha kazi nzima mpaka mwisho, na aliyeumia karakanani aliumia mbele ya mtu mwenye dhima naye. Kilemba kilitolewa kwa sababu kazi ilikuwa imefundishwa kweli. Ofisi inayomtuma kijana kunakili majalada kwa miezi mitatu haina haki ya kudai kilemba.

Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamweleza mtu inayemlinda kuwa ni aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, kisha inaongeza kwamba mwanagenzi na mwanafunzi aliye chini ya mkataba wa mafunzo wamo. Hivyo mwanagenzi wa Kenya ametajwa waziwazi. Lakini kwa kuwa maelezo yale yanaanza na ujira, mwanafunzi asiye na mkataba wa aina hiyo wala malipo yoyote anabaki ukingoni.

La pili ni mtarajali. Hili ni jipya, limejengwa kwa kufuata sura ya kitenzi taraji, na limeenea sana kwa sababu ya madaktari tarajali, yaani wahitimu wa udaktari wanaotumikia hospitali kwa mwaka mmoja kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Kwa sauti ni neno zuri, ingawa si watu wachache waliokwisha kutania kwamba limemaliza kwa ajali. Kasoro yake iko katika maana. Linamtaja mtu kwa kile anachokingoja wala si kwa kile anachokifanya. Daktari anayezalisha mama saa nane za usiku hatarajii kazi, anaifanya. Neno linaloelekeza macho ya msomaji kwenye kesho linarahisisha kusahau kwamba mtu huyu ana leo, na kwamba leo anaweza kuchomwa sindano yenye damu ya mgonjwa. Hata hivyo, istilahi ya madaktari ina jambo moja jema ambalo nitalirudia baadaye: kichwa chake ni daktari.

La tatu ni mwanafunzi, na kwa urefu "mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo". Kwa kuwa maelezo haya ni marefu mno, watu wamejitafutia njia ya mkato, wakasema "yuko fildi" na "hawa ni wa fildi". Wanaokichukia neno hilo wasiwalaumu wasemaji, bali wajilaumu wenyewe kwa kutowapa jina. Istilahi yetu imetaja shughuli na kumsahau mtu anayeifanya. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba neno mwanafunzi linampeleka mtu huyu shuleni. Anapopatwa na jambo kazini, kiwanda kinasema ni wa chuo. Chuo nacho kinasema jambo limetokea kiwandani. Na mwalimu mwanafunzi aliyepelekwa katika shule yenye upungufu wa walimu, akasimama peke yake mbele ya darasa kwa muhula, ni mwanafunzi wa nani siku hiyo?

La nne ni mjitolea. Hapa sarufi yenyewe inahitaji kutazamwa. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda ndiye anayetendwa: mtu amejitoa mwenyewe. Katika miaka ya kujenga taifa neno kujitolea lilikuwa na fahari. Wanakijiji walijitolea kujenga shule na zahanati, na mali iliyotokana na jasho lao ilikuwa yao wote. Leo neno hilo hilo limewekwa katika fomu ambazo mhitimu hutia sahihi kabla ya kuingia ofisini, na mara nyingi sentensi inayofuata inasema kwamba mjitolea hatadai chochote. Mwanafunzi ambaye hawezi kupata shahada yake bila kumaliza wiki kadhaa za mafunzo hajajitolea; ameagizwa. Mhitimu anayekaa mwaka wa pili katika idara ile ile kwa matumaini ya kupewa nafasi hajajitolea kwa maana ya wanakijiji wale. Kumwita mjitolea ni kutumia kiambishi kimoja kumfanya awe amesamehe deni ambalo hajaulizwa kama anasamehe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumwonya mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili. Mgeni akishashika jembe si mgeni tena. Majina haya manne yana tabia moja: yanamkabidhi mtu jembe, kisha yanaendelea kumwita mgeni.

"Bila malipo": asiyelipa ni nani?

Liko tatizo jingine dogo ambalo walimu watalitambua mara moja. Tangazo linaposema kwamba kuna "nafasi za mafunzo ya kazi bila malipo", msomaji aelewe nini? Je, kwamba hatatozwa ada, au kwamba hatapewa ujira? Sarufi inaruhusu yote mawili. Mzazi wa kijijini husoma maana ya kwanza akashukuru, na kijana wake huijua maana ya pili mwisho wa mwezi.

Utata huu si wa bahati mbaya katika kila tangazo. Maneno yanayoweza kusomwa kama hisani yanavutia kuliko yanayosema ukweli. Mwandishi wa hati ya serikali hana ruhusa ya kuuacha utata huo. Maneno yako tayari: "bila ada" kwa asiyetozwa, na "bila ujira" kwa asiyelipwa. Pale ambapo kijana hupewa kiasi cha nauli na chakula, neno posho litumike, na hati iseme wazi kwamba posho si ujira ila pia si zawadi ambayo msimamizi anaweza kuizuia apendavyo.

Walivyofanya wengine

Mchanganyiko huu wa ujira na hifadhi haukuanzia kwetu. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la kampuni ya reli ya Portland Terminal. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwafundisha vijana kazi ya breki za treni kwa muda wa siku saba au nane hivi bila kuwalipa. Mahakama ilisema kwamba vijana hao, waliofunzwa kwa faida yao wenyewe na ambao hawakuipa kampuni faida ya papo hapo, hawakuwa wanaostahili kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya mwaka 1938. Uamuzi huo ulihusu mshahara peke yake, na kwa mafunzo ya siku chache unaeleweka.

Madhara yalionekana jibu la swali la mshahara lilipohamishiwa kwenye swali jingine. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ya New York ya ngazi ya shirikisho, ile ya Mzunguko wa Pili, ilipokea shauri la mwanafunzi aliyesema kwamba alidhalilishwa kijinsia na daktari katika hospitali alikopelekwa kwa mafunzo. Mahakama ilikataa dai lake chini ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 kwa kuwa hakuwa akilipwa, na asiyelipwa hakuhesabiwa kuwa ndani ya neno lililotumiwa na sheria hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye mshahara alikuwa na hifadhi dhidi ya kudhalilishwa, na yule asiye na mshahara, aliyekuwa mnyonge zaidi, hakuwa nayo. Mabunge ya majimbo ndiyo yaliyoziba pengo kwa kumtaja mwanafunzi huyo waziwazi: Oregon mwaka 2013, na New York na California mwaka 2014.

Ufaransa imepita njia nyingine. Sheria yake ya tarehe 10 Julai 2014 haikumfanya mwanafunzi aliye kazini kuwa mwajiriwa. Ilimwacha na jina lake mwenyewe, kisha ikalijaza jina hilo haki: malipo ya lazima mafunzo yanapozidi miezi miwili, ukomo wa saa, na ukomo wa miezi sita katika shirika moja. Malipo hayo hayakuitwa mshahara. Njia hii inatufundisha kwamba jina la pekee si baya lenyewe. Ubaya ni jina la pekee lililo tupu.

Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na udhalilishaji kazini, ulioanza kutumika mwaka 2021, halikuacha nafasi ya ubishi. Ibara ya 2 inawalinda wafanyakazi na watu wengine walio katika ulimwengu wa kazi bila kujali hali ya mikataba yao, nayo inawataja walio mafunzoni, watarajali, wanagenzi, wanaojitolea, wanaotafuta kazi na hata walioachishwa kazi.

Tuweke maneno hayo kando ya sheria yetu ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 7, kinachokataza ubaguzi na udhalilishaji, kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ndani ya hifadhi. Ni jambo jema. Lakini mwanafunzi hakutajwa. Basi anayesoma mwajiriwa atafika kwenye ajabu hii: kijana aliyeketi kwenye benchi nje ya ofisi akingoja usaili analindwa kwa jina, na kijana aliyemo ndani akibeba majalada hatajwi.

Mfano wa mwisho unatoka kwa majirani zetu, nao unaonyesha hatari iliyo kinyume. Mwezi Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Nairobi iliamua kwamba tume ya kuwaajiri walimu ya Kenya haikuwa na mamlaka ya kuwachukua walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa kwa jina la wanagenzi, na kwamba kufanya hivyo kulikiuka haki yao ya kutendewa kwa haki kazini. Walimu hao walipata posho, na walifundisha vipindi kama wenzao. Jina la mwanafunzi lilikuwa limebandikwa juu ya mwalimu kamili. Hivyo istilahi inaweza kumdhulumu anayejifunza kwa kumkana kuwa mfanyakazi, na inaweza kumdhulumu mfanyakazi kwa kumwita anayejifunza.

Pingamizi

Nimepata kuyatoa mawazo haya katika vikao, na pingamizi tatu hurudi kila mara.

Ya kwanza ni kwamba mfasiri si mtunga sheria. Akiandika mfanyakazi pale asili ilipokusudia watu wachache, amepanua sheria bila mamlaka. Pingamizi hii ni ya haki, na ndiyo iliyoniongoza nilipoishika kalamu nyekundu. Jibu lake liko katika vifungu nilivyovitaja. Sheria inayofafanua neno lake yenyewe haitegemei maana ya kamusi. Ufafanuzi ukiwa mpana, istilahi nyembamba ndiyo inayoivunja asili. Mfasiri hana mamlaka ya kuiongeza sheria, lakini hana pia mamlaka ya kuipunguza.

Ya pili ni kwamba waajiri watawafungia milango wanafunzi wakiona wanaitwa wafanyakazi. Hofu hii haipuuziki, kwa kuwa vyuo vina shida ya kweli ya kupata nafasi. Lakini inachanganya tena maswali mawili. Kima cha mshahara ni swali la uwezo na la muda, na serikali inaweza kulijibu kwa namna mbalimbali. Kofia ya usalama, saa za kutoka nyumbani na kurudi, na haki ya kutoguswa na msimamizi si maswali ya uwezo. Mwajiri asiyeweza kumpokea mwanafunzi bila kumhatarisha hana nafasi ya mafunzo ya kutoa.

Ya tatu ni kwamba neno halibadilishi hali. Tubadilishe sheria kwanza. Ninakubali nusu yake. Kifungu cha 7 kingefaa kuwataja wanaojifunza, na hilo ni la Bunge. Lakini karani wa kiwanda hasomi mijadala ya Bunge. Anasoma kanuni zilizobandikwa ukutani, na anazisoma kwa Kiswahili.

Mapendekezo

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne yajadiliwe na kamati zetu za istilahi na wafasiri wa ofisi za serikali.

1. Neno mfanyakazi litumike kwa kila anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, hasa katika vifungu vya usalama, afya, saa za kazi na udhalilishaji. Neno mwajiriwa libaki kwa mwenye mkataba wa ajira, pale panapozungumzwa mshahara, likizo na kuachishwa kazi. Maneno haya mawili yasibadilishane nafasi ndani ya hati moja kwa ajili ya kupamba lugha.

2. Istilahi za wanaojifunza zipewe kichwa kinachotaja kazi. Katika Kiswahili nomino mbili zikifuatana kwa namna hii, ya kwanza ndiyo inayobeba maana kuu. Daktari tarajali ni daktari kwanza, na hilo ndilo jambo jema nililoahidi kulirudia. Kwa mfano huo tuseme mfanyakazi mwanagenzi kwa anayejifunza ufundi kwa mkataba, mfanyakazi tarajali kwa mhitimu anayepata uzoefu, na mfanyakazi mwanafunzi kwa aliyetumwa na chuo. Ni maneno marefu kidogo. Wasemaji watayafupisha wapendavyo mitaani. Hati na ziyaandike kamili.

3. Mjitolea aitwe hivyo yule tu asiyelazimishwa na masomo wala na ahadi ya ajira, na anayeweza kuondoka siku yoyote bila kupoteza cheti wala nafasi. Asiyetimiza masharti haya asipewe jina hilo katika fomu.

4. "Bila malipo" iondolewe katika matangazo na mikataba ya mafunzo, na mahali pake paandikwe "bila ada" au "bila ujira", kwa kadiri ya ukweli.

Huenda wasomaji wana maneno bora kuliko haya, hasa walimu wa vyuo vya ufundi ambao huwasindikiza vijana hawa kila mwaka na kuyasikia majina wanayoitwa huko waendako. Maneno hayo yaletwe, yapimwe.

Kwa upande wangu, niliomba baadaye nakala ya kanuni za kiwanda kile ili nizikague upya, na wenyewe walikubali. Ukurasa wa malalamiko sasa unasema "kila mfanyakazi, pamoja na mfanyakazi mwanafunzi". Binti yule alikuwa amekwisha kumaliza mafunzo yake na kuondoka.